Talaka Tatu za Abdurahman

Kwa Bibi Mwanarusi,
Mwabungo, Diani,
Kwale.

9 Novemba 1956
(mwezi 5, Mfungo Saba)

Mpendwa kaka yangu Haji,

Asalaam aleikum. Shikamoo, kaka. Naomba mistari hii ikukute umekaa vizuri, mwenye afya na riziki, wewe na wifi yangu na watoto. U hali gani huko Lindi? Ule mguu wako umepoa, au bado unakusumbua ukisimama sana bandarini? Wifi amejifungua salama? Mtoto amepewa jina gani? Usinifiche la kheri wala la shari.

Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mvua za vuli zimeanza. Mwanarusi amepanda mihogo nyuma ya nyumba yake nayo imeshika vizuri, ila ngedere wanaichimbua. Mwanangu Dama amekua, nguo ulizoleta mwaka ule hazimwingii tena. Kaburi la mama tumelisafisha baada ya maulidi.

Kaka, najua umekwisha kusikia mambo yangu kwa watu, maana Lindi si mbali kiasi cha kuzuia maneno. Mimi mwenyewe nilikuandikia mara mbili kwamba sote wazima na wala sikukueleza zaidi. Sasa nakueleza. Nimeiandika barua hii kwa herufi za Kiarabu za chuoni alizotufundisha marehemu baba, kwa hiyo isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaisha, Abdurahman alishikwa na homa ya matumbo. Wakati huo mambo yake yalikuwa mazuri. Alikuwa akinunua mbata huku vijijini na kuwauzia Wahindi wa Mombasa, na nyumba yetu ilikuwa imeezekwa upya. Alilala kitandani hata akawa mfupa na ngozi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha kwa kijiko kama mtoto. Nguo zake nilikuwa nikizifua mara mbili kwa siku, na harufu yake ilikuwa imeniingia mikononi hata nikila chakula naiona ladha yake.

Dresa wa zahanati akaja na sindano yake. Alipotoka aliwaambia watu barazani kwamba jamaa wajiweke tayari. Kesho yake dada yake Abdurahman akafika kutoka Ukunda.

Unamkumbuka Mwanamkuu, yule mrefu, aliyeketi pembeni siku ya harusi yangu hakula kitu. Mumewe alikufa wala hakumwachia mtoto. Alikuja na wanaume wawili wa mtaani kwao. Akanisalimu vizuri, akanipa pole, akanitazama macho yangu mekundu, akaniambia, "Wifi yangu, umechoka. Nenda kisimani uteke maji, upunge upepo kidogo. Mimi nitakaa naye."

Nikaenda. Niliporudi na debe kichwani, wale wanaume walikuwa wanavaa viatu vyao. Mwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Litue hapo hapo, Mwanafatuma. Usiingie. Umekwisha kuachwa."

Nilicheka, kaka. Nilidhani uchungu umemvuruga akili. Nikamwuliza, "Nimeachwa na nani? Huyo hawezi hata kumeza mate."

"Kusema ameweza. Talaka tatu, kwa kauli moja. Mashahidi ni hawa."

Nilifahamu palepale. Angekufa mimi ni mkewe, fungu langu la mjane katika nyumba na minazi lingekuwapo, thumuni kwa kuwa tuna mtoto. Angenipa talaka moja tu, akafa nami ndani ya eda, bado ningerithi. Kwa hiyo alimsemesha tatu. Mtu anakata roho, na dadake ameinama juu ya sikio lake anamfundisha hesabu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Sefu wa msikitini. Aliwahoji wale mashahidi, akashika ndevu zake, akasema talaka imepita, na mgonjwa alikuwa na akili zake. Tena akasema neno jingine ambalo Mwanamkuu hakulitarajia: kwamba mwanamke aliye katika eda ana haki ya kukaa katika nyumba ile ile alimoachwa, hawezi kutolewa. Nikarudi. Nikatandika mkeka wangu katika banda la jikoni, uani, mimi na Dama.

Lakini kwa mgonjwa nisiingie. Alikuwa si mume wangu tena, ni mwanamume kama wa barabarani. Na Mwanamkuu hakujua kuuguza. Siku ya kwanza alitapika kwa harufu. Abdurahman alikuwa akiita jina langu kupitia ukuta, "Mwanafatuma, maji. Mwanafatuma, nigeuze." Nami nimekaa upande wa pili wa ukuta huo huo, nakoroga uji. Nikiupika nauweka kizingitini, Mwanamkuu anauchukua. Ngozi yake ya mgongoni ilipoanza kuchubuka, Mwanamkuu alitoka uani, akasimama mbele yangu, akauliza mtu kama yule anageuzwaje. Nilichukua mto nikamwonyesha. Mkono mmoja hapa, mmoja hapa, usivute, viringisha. Alitazama, akarudi ndani. Asante hakusema.

Basi akapona. Mungu ndiye mwenye kujua hekima yake. Homa ilimwacha, akaanza kula, akaanza kuketi. Siku moja, eda yangu imekwisha nami nafunga mizigo yangu nihamie kwa Mwanarusi, rafiki yangu wa tangu utotoni, nikamwona Abdurahman anatoka uani anajikokota na fimbo. Alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Akaniambia, "Unakwenda wapi? Rudi nyumbani."

"Nirudi vipi? Umeniacha."

"Nilidhani ninakufa, Mwanafatuma. Sikujua kwamba nitakuhitaji."

Hivyo ndivyo alivyosema, kaka. Nami siku ile nililia kwa furaha. Sikulisikiliza neno lenyewe, nilisikia sauti tu.

Tukamwuliza tena Mwalimu Sefu, naye akasema aliyeachwa kwa tatu hamrudii mumewe mpaka aolewe na mwingine, ndoa ya kweli ya kuingiliana, kisha huyo mwingine afe au amwache kwa hiari yake. Abdurahman aliinamisha kichwa. Nilijua hana la kufanya.

Mwanamkuu ndiye aliyekuja na la kufanya. Alikuja kwa Mwanarusi jioni, amebeba sahani ya vitumbua, akanishika mkono akasema, "Nilikukosea, mwanangu. Nami nitalitengeneza nililoliharibu." Alikuwa amenitafutia mtu, Mbwana wa Gazi, mzee mwenye kuuza boriti za mikoko, mjane. Atanioa, ataniacha, nitakaa eda, nitarudi kwa mume wangu. Jambo la kheri, alisema, na mzee yule mcha Mungu, keshawasaidia wengine.

"Ila sharti lisitajwe," akasema. "Mbele ya mfungisha ndoa usilitaje kabisa. Sharti likitajwa katika akdi, ndoa haiswihi, nawe hutakuwa halali kwa kaka yangu. Sisi tumekwisha kusemezana naye pembeni."

Nikauliza, "Na Dama?"

"Dama atakaa na mimi siku mbili tatu. Utamkuta hapo hapo."

Sikuuliza zaidi. Wewe ni walii wangu, na uko mwendo wa mbali, kwa hiyo naibu wa Kadhi alisimama mahali pako akaniozesha. Ndiyo sababu hukuulizwa. Nisingalikuficha kwa hiari yangu. Niliona haya tu kukuandikia jambo kama lile, nikasema litapita upesi, na nitakuandikia nikisharudi kwangu.

Ya ndani sitayaandika. Itoshe kwamba ilikuwa ndoa kama sheria inavyotaka.

Asubuhi nilioga, nikafunga leso zangu katika kifurushi, nikaketi kizingitini. Mbwana alikuwa anakula muhogo wa nazi. Akala akamaliza, akanawa, akakitazama kile kifurushi.

"Hicho cha nini?"

"Safari yangu, mzee."

"Mke wangu anasafiri bila kuniomba ruhusa?"

Nikamwambia, "Ulitoa ahadi."

"Kwako?"

"Kwa Mwanamkuu."

"Mwanamkuu sikumwoa." Akaegemea ukuta, akachokonoa meno. "Mimi nimetoa mahari, nimekaa mbele ya mashahidi, nimesema nimekubali. Nani aliyesikia sharti? Kifungue kifurushi chako. Chumvi iko juu ya kichaga."

Hakunipiga, kaka. Nataka ulijue hilo pia, asije mtu akakuambia nilipigwa. Hakunitukana. Alinitaka nipike, nifue, nimkande miguu, na kila nikimwomba aniache alikuwa akitabasamu kama mtu anayeombwa na mtoto mdogo. Jirani yake mmoja pale Gazi, mwanamke mtu mzima, ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa tunaosha vyombo pwani. Akaniuliza ni nani aliyenileta. Nilipomtaja Mwanamkuu aliacha kusugua.

"Huyo alikuwapo," akasema, "Mbwana alipofanya hivi kwa yule binti wa Tiwi. Alikaa karamuni. Anamjua Mbwana vizuri."

Nilituma watu kwa Abdurahman. Jibu lake lilikuwa nivumilie, anatafuta njia. Nikatuma tena, likaja jibu lile lile. Mara ya tatu niliyemtuma alirudi na habari nyingine: Mwanamkuu amepeleka madai kwa Kadhi, kwa jina la kaka yake, wapewe Dama.

Kesi ilisikilizwa Msambweni. Mbwana aliniruhusu kwenda, na yeye mwenyewe akaja amevaa joho, kwa kuwa kukaa mbele za watu kunamfurahisha. Nilimkuta Dama barazani ameketi mapajani mwa Mwanamkuu, amesukwa nywele vizuri, ana bangili mpya. Nilitaka kumshika, tarishi akaniambia ningoje.

Kadhi ni mtu mpole, kaka, nisimsingizie. Aliniacha niseme yote tangu mwanzo, hata yale ya aibu, mbele ya wanaume waliojaa chumba. Niliposema kuhusu ile ahadi, aliuliza swali moja tu: "Sharti lilitajwa katika akdi?"

Mfungisha ndoa akasema halikutajwa. Mashahidi wakasema halikutajwa.

"Nawe, Mwanafatuma?"

Ningesema uongo, kaka. Nilifungua kinywa nikitaka kusema lilitajwa. Lakini alikuwa ameweka msahafu pale mezani, na Mwanamkuu ananitazama moja kwa moja, anangoja nile kiapo cha uongo. Nikasema, "Halikutajwa."

"Basi ni ndoa," akasema Kadhi. "Na mwanamke akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki yake ya kumlea humtoka. Mama yako yu hai?"

"Amekufa."

"Angekuwa hai, haki ingekwenda kwake kwanza. Sasa yakwenda kwa baba."

Nilimlilia mama pale upya, kaka, kama kwamba ndiyo kwanza tumetoka kumzika.

Lakini Kadhi alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Abdurahman, ambaye muda wote alikuwa ameketi na kofia yake magotini, akamwambia kwa sauti ya taratibu, "Haki sasa ni yako, nawe una hiari nayo. Ukiridhia mtoto abaki na mama yake hata pamoja na ndoa hii, mimi sina neno la kupinga. Mtoto ni mdogo, na mama umeyasikia yaliyompata. Wasemaje?"

Chumba kizima kilimtazama. Mimi nilitazama mikono yake. Kila kidole nilikuwa nimekiosha. Neno moja lilitosha, hata kutikisa kichwa kungetosha.

Akamwangalia dada yake. Mwanamkuu alikuwa anatengeneza buibui lake, wala hakumrudishia macho.

"Namtaka mtoto wangu," akasema Abdurahman.

Kadhi akashika kalamu. Kabla hajaandika, nilisimama nikasema, "Na mimi naitaka mahari yangu iliyobaki." Sijui nguvu ilitoka wapi. Siku ya harusi yangu baba aliandikisha nusu ya mahari iwe deni, ilipwe siku ya kuachana au ya kifo, nawe ulikuwapo. Tangu talaka ile hakuna aliyenitajia. Abdurahman aligeuka kama aliyechomwa na mwiba. Mwanamkuu ndiye aliyejibu, kwamba kaka yake ametoka kuugua na biashara imelala. Kadhi akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye. Akaamuru nilipwe.

Abdurahman akaiuza minazi yake ya karibu na kisima. Nilipoletewa zile fedha nilikwenda nazo moja kwa moja kwa Mbwana, nikaziweka mbele yake, nikamwomba anipe khului, anivue kwa mali. Mahari ya mume wa kwanza, kaka, ndiyo iliyoninunua kutoka kwa mume wa pili.

Mbwana alizipokea. Akafikiri kidogo, akaniangalia. Akasema, "Na leso hiyo pia ni yangu. Nilikuletea siku ya ndoa."

Mwanarusi alikuwa amekuja kunichukua. Alijifungua leso yake ya juu, akanizungushia, nikaivua ile nyingine chini yake, nikaikunja vizuri na kuiweka juu ya zile fedha. Ndipo Mbwana alipotamka. Tulitoka Gazi tumevaa leso za Mwanarusi, yeye ya chini na mimi ya juu, na watoto wa pale wanatucheka.

Sheria iliyoninyang'anya Dama ndiyo iliyonirudishia. Ndoa iliyoizuia haki yangu iliondoka, basi haki ikarudi, na Kadhi aliandika hivyo bila ya kusita. Nikaenda na tarishi mpaka nyumbani kwa Mwanamkuu, Ukunda.

Dama alikuwa anacheza na vifuu uani. Nikamwita. Alinitazama, akakimbia akajificha nyuma ya Mwanamkuu, akamshika nguo.

"Huyu ni nani?" Mwanamkuu akamwuliza, mbele ya tarishi.

"Mama wa Gazi," akasema mwanangu.

"Mama wa Gazi hufanya nini?"

"Huwatupa watoto."

Nilimwona tarishi akitazama chini. Mimi nilimshika Dama mkono nikamvuta. Alipiga kelele, aliniuma hapa chini ya kidole gumba, alama ingalipo. Nilimbeba begani anarusha miguu. Na Mwanamkuu, kaka, Mwanamkuu yule aliyenifungia mlango, alitufuata mpaka barabarani bila viatu wala buibui, anaita, "Mwanangu, mwanangu, nipeni mwanangu," na watu wa basi wamesimama wanamtazama. Alikuwa analia kweli. Alimpenda, silikatai hilo. Aliketi chini katika vumbi. Nilisikia kilio chake mpaka tulipopinda njia, na naapa kwamba nilipenda kukisikia. Nilipunguza mwendo nikisikie zaidi.

Nilikaa eda ya Mbwana hapa kwa Mwanarusi. Ilipokwisha tu, Abdurahman akaja. Alikuwa amenenepa tena. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, ameleta halua katika majani, amejipaka mafuta mazuri. Mwanarusi akamtolea kiti barazani, mimi nikasimama mlangoni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa umekuwa halali kwangu. Tumeteseka sote wawili, Mwanafatuma, lakini yamekwisha. Nimekuja kukuposa."

Nikamwuliza, "Wewe uliteseka wapi?"

Akafikiri kwamba nataka kusikia. Akanihesabia ugonjwa wake, upweke wake, minazi yake aliyoiuza, maneno ya watu. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia, "Sheria imekuruhusu kuniposa, nami imeniruhusu kukataa. Nimekataa."

"Nilikuwa mgonjwa! Sikujua nisemalo!"

"Mbele ya Kadhi hukuwa mgonjwa."

Alilia, kaka. Machozi yalimdondokea juu ya ile halua. Akasema dada yake alimlazimisha, akasema aliogopa, akasema atamfukuza Mwanamkuu asimwone tena. Nilimwambia asimfukuze, maana akimfukuza atabaki na nani? Halua yake sikuichukua. Nilimwambia ampelekee dada yake.

Najua atakuandikia kukuomba wewe kwa kuwa u walii wangu, maana ameniahidi hivyo, na maneno yake ya kuandika ni matamu kuliko ya mdomo. Akikuandikia, mrudishie salamu tu. Mwalimu Sefu ameniambia kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa haozeshwi bila ya kauli yake mwenyewe, na kauli yangu ndiyo hii uliyoishika mkononi.

Matumizi ya Dama ni juu yake, anapaswa kumlisha na kumvisha hata akiwa kwangu. Mwanzo alikuwa akichelewa, akidhani kwamba nikikosa unga nitakumbuka njia ya nyumbani kwake. Kila akichelewa nakwenda kwa Kadhi, na Kadhi humwita mbele za watu. Siku hizi hachelewi. Kumwona mtoto pia ni haki yake, simnyimi. Huja Ijumaa baada ya sala, nami namketisha Dama barazani, Mwanarusi akiwa pale. Humletea ubuyu na vitambaa. Dama huvipokea kwa mkono wa kulia kama nilivyomwagiza, halafu hunyamaza. Akitaka kumchukua sokoni namwambia hapana. Nampa kile alichoandikiwa na Kadhi. Zaidi ya hapo hapati hata kikombe cha maji.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto akifika umri wa kupambanua, miaka saba au hapo karibu, Kadhi atamsimamisha katikati yetu amwulize anamchagua nani. Umri huo hauko mbali. Basi huwa namweleza, kaka. Nikimsuka nywele, nikimwogesha, namweleza polepole kwa maneno ya kitoto nani alisema nini siku ile Msambweni. Mwanarusi amenigombeza. Anasema ni dhambi kumtilia mtoto sumu ya baba yake, na kwamba Mwanamkuu alifanya hivyo hivyo. Nimemwambia Mwanamkuu alimwambia uongo, mimi namwambia kweli. Mwanarusi akasema kwa mtoto mdogo hakuna tofauti. Huenda asemalo ni sawa. Lakini siachi.

Nisalimie sana wifi yangu na umpe hongera zangu za uzazi. Nisalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo, na umwambie Jumbe asome chuoni kwa bidii asije akawa kama shangazi yake, anayejua sheria baada ya kuumizwa nayo. Mwanarusi anakusalimu, anasema deni la kumletea mkeka wa Lindi hajalisahau. Mwalimu Sefu naye anakusalimu na anakuombea.

Dama pia anakusalimu. Nimemwuliza sasa hivi nimwandikie nini mjomba wake, akasema nikuambie kwamba yeye amemaliza juzuu ya kwanza, na kwamba hana baba. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Mungu akulinde na maradhi, akulinde na wenye kuinamia sikio la mgonjwa, aijaze nyumba yako baraka na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, akupendaye siku zote,

Mwanafatuma